Mimba Uliyonificha, na Mbu wa Kilwa

Naomi mwanangu,

Salamu sikuandikii. Asubuhi uliniamkia, nikaitikia marahaba, nikakumiminia uji, ukanywa kidogo tu ukasema umeshiba, na mimi nikadhani ni wasiwasi wa safari. Wasiwasi wa safari! Mimi niliyekuzaa nimeliangalia bakuli limejaa vilevile na nisione kitu.

Sasa hivi umetoka na shangazi yako kuaga majirani. Jua bado lipo, nami nimekaa jikoni na kalamu ya mdogo wako, naandika haraka mpaka herufi zinakwenda upande. Usiucheke mwandiko wangu. Nimeshtuka, mwanangu, nimeshtuka hasa. Ningekusubiri nikuambie kwa mdomo, lakini najijua. Nitapiga kelele, wewe utalia, bibi yako ataingia kati, na mwisho tutalala hujasikia hata neno moja la maana. Kwa hiyo naandika.

Kilichotokea ni hiki. Nilikwenda kukuwekea karanga kwenye begi. Nikasema nizisukume kule pembeni zisije zikamwagika kwenye nguo, mkono ukagusa kitu kigumu kimefungwa kwenye nailoni. Nikadhani ni sabuni. Nikafungua. Udongo! Ule udongo wa kula unaouzwa mnadani kwa mafungu, ambao hakuna mwanamke anayeutafuna hivihivi tu kwa kuupenda. Nikakaa chini pale pale sakafuni, begi mapajani, karanga zikamwagika zote. Nikasema, Mungu wangu, mtoto huyu ana mimba, na kesho anapanda basi kwenda Kilwa, na mimi mama yake naambiwa na udongo.

Nikatoka mbio mpaka uani. Bibi yako alikuwa anapepeta mtama, hana habari.

"Mama," nikamwambia, "Naomi ana mimba."

Hakunyanyua hata macho. "Najua. Huo udongo nimemnunulia mimi."

Jamani! Nilidhani nimeshamaliza kushtuka, kumbe ndiyo kwanza naanza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akapepeta, akapuliza makapi, akasema mimba haitangazwi, tumbo likitaka kusema litasema lenyewe. Nikamuuliza Elisha anajua? Akasema mume wa nini, wanaume wana midomo, akijua leo kesho wanajua mafundi wote anaojenga nao. Nikamuuliza kliniki amekwenda? Akaniangalia sasa, tena kwa huruma, kama mimi ndiye ninayeumwa. "Kliniki ya hapa kijijini, ili nani asijue?"

Yaani Naomi, mumeo mwenyewe, aliyetangulia kule kukarabati kuta za magofu, anakusubiri wewe mmoja na hajui kwamba mnakuja wawili.

Nikarudi ndani kupekua begi lote. Ndiyo, nimelipekua, utanikasirikia baadaye. Nguo zipo, viatu vipo, cheti chako cha kuongoza watalii kipo kwenye bahasha safi. Chandarua hakuna. Nikarudi uani kuuliza kile chandarua chako kizuri kiko wapi, bibi yako akaninyooshea kidole kwenye banda. Kipo juu ya vifaranga, kimefungwa kwa mpira pembe zote, mwewe asipate pa kupitia. Akasema umekifunga mwenyewe jana, ukamwambia, "Bibi, mimi sina kazi nacho, wewe una vifaranga." Akasema hayo huku anatabasamu, kwamba ana mjukuu mwenye moyo mwema.

Moyo mwema unao, sikatai. Lakini hebu niambie, wewe uliyesoma, kule Kilwa utajifunika kifaranga?

Sikulaumu peke yako. Hivi ndivyo tulivyo watu wa huku Singida. Tumezaliwa kwenye upepo na ukavu, mvua zikiisha zimeisha, na mbu tunaowafahamu ni wale wa msimu wanaokuja wakaenda. Chandarua kwetu ni cha kufunika vifaranga na vitalu vya vitunguu. Baba yako ana kimoja kule bustanini kinazuia ndege, na mwenye nyumba mwenyewe analala wazi. Tumezoea hivyo, halafu tunafunga safari kwenda pwani na mazoea yetu mfukoni. Ndivyo nilivyokwenda mimi.

Mambo ya kawaida sitakuandikia. Kupika unajua, kuishi na watu unajua, kanisani utakwenda au hutakwenda, hilo ni lako na Mungu wako. Nataka nikuambie jambo moja tu, ambalo unalijua nusu. Unajua kwamba kabla yako nilibeba mimba nyingine, ikatoka. Uliambiwa ilitoka kwa sababu ya safari. Nami nilikuacha uamini hivyo kwa kuwa ndivyo kila mtu alivyosema, na maneno yakisemwa sana hata aliyeumia mwenyewe anayazoea.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwaya. Tulialikwa Bagamoyo kuimba, kwaya yetu ya akina mama, na tulishona sare mpya kwa ajili hiyo, ya bluu yenye kola nyeupe na mikono mifupi. Nilikuwa na mimba changa na baba yako alikuwa anajua. Bibi yako alijua kabla sijasema, unamfahamu. Akaniita nyuma ya nyumba akaniambia nisimwambie mtu, kwenye kundi la wanawake hujui jicho la nani likoje. Nikasema sawa mama. Nilikuwa mke mgeni kwenye ukoo, ningesema nini tena?

Bagamoyo walitupokea vizuri sana. Siku ya pili wakatupeleka kuona magofu ya Kaole. Ningependa uamini hili: nilipapenda. Usije ukadhani naandika barua hii kukukataza kazi yako. Ule msikiti wa zamani usio na paa, makaburi ya mawe ya watu wakubwa waliokuwa na majina yao na jeuri zao, kile kisima... Mimi msichana wa Misigiri sikuwa nimewahi kuona kitu kilichojengwa zamani namna ile na bado kimesimama. Tulizunguka mchana kutwa. Jua lilipoanza kushuka mtu mmoja akaanzisha wimbo, tukaimba pale katikati ya kuta, sauti zikawa zinaturudia kutoka kwenye mawe, tukaimba tena na tena hatutaki kuondoka. Mwongozaji alituambia, "Kina mama, mbu wa saa hizi," tukamcheka. Mbu walikuwa kwenye vifundo vya miguu na kwenye mikono, tunawapiga tunaimba, tunawapiga tunaimba, kila mtu anamcheka mwenzake anavyojichapa.

Mwongozaji akatoa chupa ya mafuta ya kufukuza mbu ili tujipake. Mwalimu wa kwaya akaipokea, akainusa, akasema hapana, yatatia madoa sare na kesho tunaimba mbele ya askofu. Nasi tukaona ana akili kweli. Tukailinda sare! Ile sare ninayo mpaka leo kwenye sanduku, haina doa hata moja.

Tulilazwa kwenye bweni la shule, wanafunzi wakiwa likizo. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja wa pale, Bi Mwanaisha, mpishi, mwenye sauti nzito na utani mwingi. Alikuja jioni akabeba vyandarua begani, akasimama mlangoni.

"Jamani, hivi havitoshi," akasema. "Nani hapa mjamzito? Nani ananyonyesha? Wao kwanza. Mseme bila haya, mimba si wizi."

Watu wakacheka. Mwenzangu mmoja aliyekuwa na kichanga akapata. Mwingine, tumbo lake limeshajaa, akapata. Bi Mwanaisha akazungusha macho, yakaja kwangu yakakaa. Nadhani alihisi, wanawake wa namna ile wanahisi. Akaniuliza, "Wewe je, binti?" Nikamjibu, "Mimi mzima tu." Chandarua kikaenda kwa mtu mwingine kitanda cha pili. Nikajifunika kanga, joto likanishinda, nikaitupa pembeni nikalala mikono wazi.

Nimelifikiria jibu lile maisha yangu yote, Naomi. "Mimi mzima tu." Kitu nilichokihitaji kililetwa na mtu mpaka mlangoni, ananiuliza kwa upole, natakiwa kujibu neno moja, nikamkatalia kwa adabu kabisa. Wala sikuwa jeuri. Nilikuwa namtii mama mkwe aliyekuwa huku Misigiri anapepeta mtama.

Tukarudi nyumbani. Sikuumwa njiani, wala nilipofika. Hilo ndilo lililotupumbaza, kwa sababu homa ilikuja tumeshaisahau safari yenyewe, tuko kwenye kuvuna alizeti. Nikaanza kutetemeka shambani, jua kali lakini mimi nasikia baridi. Bibi yako akasema ni upepo wa basi umeniingia, uchovu unatoka sasa. Akanichemshia majani, nikanywa. Homa ikapungua, ikarudi, ikapungua, ikarudi na kichwa. Baba yako akasema twende zahanati, bibi yako akasema nitampeleka mimi.

Pale zahanati nesi aliuliza maswali mawili tu. Umesafiri karibuni? Nikasema nilikwenda na kwaya. Sikusema wapi, na yeye kwaya anazozijua zinakwenda hapo Kiomboi wilayani zinarudi. Una mimba? Bibi yako amekaa ubavuni kwangu. Nikasema sina. Nesi akasema basi subirini hapo mpimwe damu. Tukakaa kwenye benchi. Foleni haikuwa hata ndefu. Bibi yako akaninong'oneza, "Twende. Wakitoa damu wataliona na lile lingine." Nikasimama tukaondoka.

Umesoma, unaweza kucheka. Kipimo cha malaria hakionyeshi mimba. Lakini sisi tulijuaje? Tulijua damu ikitoka inasema yote.

Nilianguka shambani. Kuhusu barabara ya kwenda hospitali ya Kiomboi sina ninalokumbuka, nakumbuka taa ya juu na daktari kijana anamuuliza baba yako, "Huyu alikuwa mjamzito. Mbona hakuna aliyesema?" Alikuwa. Neno hilo nililisikia vizuri. Akasema ni malaria kali, na kwamba malaria mjamzito inamkamata vibaya kuliko mtu mwingine, inakwenda mpaka kwenye kondo la nyuma, inanyang'anya mtoto damu. Alikuwa wa kiume. Bibi yako alijifunika kanga usoni akalia kuliko mimi, na hilo nalo ulijue, ili usije ukamchukia. Tena hakuniacha. Alinilisha kwa mkono wake mpaka nikasimama.

Lakini ona sasa maajabu. Leo uani, baada ya miaka yote hii, nimemwambia, "Mama, umesahau yangu?" Akasema hajasahau, ndiyo maana anakuficha wewe. Kumbe yeye aliondoka pale hospitali na somo lake na mimi na langu! Akasema, "Wewe ulikwenda kwenye watu wengi, macho yakakuona." Nikamwambia, "Mama, walikuwa mbu." Akanijibu, "Mbu mbona waliwauma wote na wenzako wakarudi wazima?"

Jibu ninalo sasa. Wengine waliumwa na mbu nao wakaugua, yule mwalimu wa kwaya mwenyewe aliugua akalazwa. Ila alisema. Alifika zahanati akasema nimetoka Bagamoyo, akapimwa, akapata dawa, Jumapili ya pili yake yuko kanisani anaimbisha kwaya. Na mwenye tumbo kubwa alilala ndani ya chandarua, mtoto wake leo ni bodaboda hapo stendi, unamjua.

Basi mwanangu, usiniletee habari kwamba mbu wa Kilwa watakuzoea. Mimi mwenyewe nilidhani damu yetu ya baridi ni ngumu. Ni kinyume chake. Mtu wa huku mwili wake haujajifunza malaria kama wa mtu aliyekulia nayo, ikimpata inamwangusha. Na wewe sasa una sababu ya pili ya kuangushwa.

Ulikuwa unanieleza jinsi magofu ya kule yalivyo. Ukanieleza habari za birika la mawe la kuogea na visima na vyumba vya jumba la mfalme, mvua ikinyesha maji yanakaa kwenye mawe. Ulikuwa unaeleza kwa furaha hadi macho yanang'aa, na mimi nasikiliza moyoni nasema huyu mtoto anapenda kazi yake. Leo nimeyakumbuka maneno yaleyale. Maji yanakaa kwenye mawe! Hapo ndipo mbu anapolelewa, na hapo ndipo utakaposimama kila siku na wageni wako mnatazama ndani.

Vaa mikono mirefu. Sijali joto, sijali wenzako watasema mshamba wa bara kaja na sweta. Kitambaa chepesi, kipana, kifike kwenye kiganja na kwenye kifundo cha mguu. Sehemu inayobaki wazi ipake mafuta, na kliniki uwaulize yapi yanamfaa mjamzito, usinunue tu kwa harufu. Usidhani mbu ni wa jioni peke yake. Wa malaria ndio wa giza, lakini kuna wa homa ya dengue, wale wenye miguu ya madoa, wanauma mchana kweupe na wanapenda maji yaliyotuama kwenye vyombo. Hivyo usiku chandarua, mchana nguo na mafuta. Mwili ukipata joto usijitibu kwa vidonge vya maumivu vya dukani, vingine vikikutana na dengue vinaleta kutokwa na damu. Nenda kapimwe siku hiyohiyo. Na utakapoulizwa una mimba, jibu.

Nasema jibu, Naomi! Hayo mengine yote unaweza kuyasahau.

Tena na wageni wako uwaambie. Mtu anayetoka nchi ya baridi kuja kuona jumba la wafalme yuko kama mimi na sare yangu ya bluu, hajui anachokicheka. Atataka kukaa ukutani jua likizama apige picha na kaptura yake. Mkaribishe, msimulie wafalme wako wote na dhahabu yao, halafu mwambie avae suruali ndefu afunike miguu, na amuone daktari kwao kuhusu vidonge vya kinga kabla hajasafiri, siyo akishafika. Na umwambie hili ambalo mimi sikuambiwa na mtu: homa inaweza kumfuata mpaka kwao, akiwa ameshafua nguo za safari na ameshawaonyesha ndugu zake picha. Akiisikia, aseme alikokuwa. Ukiona amekukunjia uso usijali. Yule mwongozaji wa Kaole tulimcheka watu kumi na tano kwa mara moja, na natamani angetupigia kelele.

Sasa ukae chini kama umesimama, maana hapa ndipo wewe utashtuka.

Ile namba ya msimamizi wako, Bi Zuhura, uliyoniachia ukasema mama nikikosekana hewani mpigie huyu, nimeipiga. Nilisimama palepale uani bibi yako ananitazama, nikapiga. Akapokea mwenyewe. Nikajitambulisha, mimi mama yake Naomi wa Singida. Akasema karibu mama, tunamsubiri binti kwa hamu. Nikasema, "Ana mimba."

Hivyohivyo, bila utangulizi. Ungo ukamdondoka bibi yako, mtama ukatapakaa, kuku wakaja wote.

Nikadhani nimeshakupotezea kazi. Halafu nikasikia, "Ya muda gani, mama?"

"Sijui," nikasema. "Hajaniambia. Nimejua mwenyewe leo."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Mwenzangu, umefanya la maana kunipigia. Nilikuwa nimempanga zamu ya jioni, ya wale wageni wanaotaka magofu jua likizama. Magofu yako kisiwani, tunavuka kurudi giza limeshaingia."

Zamu ya jioni! Umeona? Ungepangiwa, ungesema ndiyo, ungekwenda na mikono wazi na siri yako tumboni, na hakuna ambaye angekukosea, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Nimekaa nalifikiria hilo mpaka sasa.

Nikamuuliza kazi bado anayo? Akashangaa. "Kwani kapata maradhi? Mimi nilitembeza wageni na tumbo mpaka mwezi wa nane, wananipiga picha mimi wanaacha msikiti. Aje. Nitamhamishia asubuhi, na nyumba atakayokaa nitaangalia nyavu za madirisha mwenyewe. Ila asije bila kupita kliniki."

Kwa hiyo kesho huendi Kilwa. Nimemtuma mdogo wako stendi, tiketi yako imesogezwa keshokutwa. Kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda kliniki, watakupima, utapewa chandarua chako kipya chenye dawa, na utawauliza zile dozi za kuzuia malaria wanazowapa wajawazito unaanza lini, na kule Kilwa utaziendeleza wapi. Utawaambia unakwenda pwani, kwa jina la mahali, siyo unakwenda kuimba. Bibi yako akitaka kuja atakaa benchi la nje.

Ameninunia, kama unavyodhani. Amekaa hapo jikoni amenipa mgongo tangu nilipokata simu. Amesema neno moja tu, "Umemwambia mtu usiyemjua hata sura." Ni kweli. Nimemwambia nisiyemjua, na baba yako akirudi bustanini nitamwambia, na jirani akiniuliza nitamwambia. Kama kuna jicho baya hapa kijijini na lije linitazame mimi kwanza, nimeshakuwa mtu mzima, sina cha kunitoka. Jicho sijawahi kuliona limeua mtoto. Mbu nimemwona.

Elisha sijampigia. Hilo ni lako na mumeo, sitakunyang'anya. Lakini umpigie leo.

Utanikasirikia, najua. Utasema mama amenivua nguo mbele za watu. Kasirika, mwanangu, kasirika hata mwaka mzima, ukiwa mzima na mtoto wako mzima. Mimi niliheshimiwa sana na kila mtu kwa kunyamaza kwangu. Nilizika mtoto nikiwa nasifiwa adabu.

Nasikia sauti yako na shangazi yako barabarani, mnacheka. Barua hii naiweka juu ya begi. Isome huko chumbani peke yako, usinitumie ujumbe wa simu, usimtume mdogo wako. Niko jikoni, mlango uko wazi, na bibi yako yupo hapahapa. Sijawahi kusikia maneno haya yakisemwa kwa sauti ndani ya nyumba hii, ya kwangu sikuyasema. Njoo uyaseme wewe. Simama katikati yetu uniambie, "Mama, nina mimba."

Nakusubiri,
Mama yako